Chuma Kisilale Uchi

Machi 2, Jumatatu
Mawingu, mvua bado. Unyevu wa kadiri.

Kazi yangu inanidai niandike hali ya hewa kila siku, kwa sababu rangi tunayopaka haipendani na unyevu. Nikishaandika ya hewa, naongeza na yangu. Yangu ya leo ni kwamba tulikwenda kuchukua majibu ya kifua cha mume wangu. Daktari akaipachika picha kwenye taa, akatuonyesha madoa meupe huku na huku. Akasema ni vumbi la mchanga, limejenga makovu kwenye mapafu, na likishaingia humo halitoki. "Ukiacha kazi hiyo sasa, utaishi na pumzi uliyobakiwa nayo. Ukiendelea, mzee wangu, sitakudanganya." Mume wangu akauliza kama hakuna dawa ya kusafisha. Daktari akasema hakuna.

Tulipotoka nilinunua sabuni ya kufulia na betri ya saa ya ukutani. Sikulia. Nilichokuwa nikiwaza ni kama sabuni ile ina povu.

Machi 3, Jumanne
Jua kidogo.

Mume wangu amesema, "Namaliza tangi hili, halafu naacha." Nikamwambia daktari hakutaja habari za tangi. Akasema, "Na usimwambie mtu. Siku msimamizi atakapojua kwa kinywa chako, mimi na wewe basi." Akaniapisha, nami nikaapa. Nilikuwa nakatakata vitunguu, sikuacha kukata.

Machi 4, Jumatano
Mawingu. Tumeanza.

Asiyejua kazi yetu hudhani tunapaka kama wanavyopaka nyumba. Tangi la maji la mji limekaushwa, ni la chuma, ndani ukipiga chafya unajibiwa mara tatu. Asubuhi mume wangu anaingia na mpira mrefu wa upepo wa mashine, anaupiga ukuta kwa mchanga mpaka rangi ya zamani na kutu vitoke, chuma kibaki cheupe. Sisi tunaita kukifungua chuma. Tukishafagia vumbi, mchana naingia mimi na makopo mawili, kopo kubwa la rangi na kopo dogo la dawa ya kugandisha. Ukishayachanganya huna tena muda wa kupiga soga, yakiganda yameganda, hata uyalilie. Ukutani rangi inakauka ikawa ngozi ngumu ya plastiki, chuma hakionani tena na maji.

Sheria ni moja: chuma kisilale uchi. Kilichofunguliwa asubuhi kifunikwe kabla ya jioni, la sivyo msimu huu wa mvua unakikuta kesho yake kimegeuka rangi ya chai. Basi mume wangu hawezi kufungua zaidi ya ninachoweza kufunika. Wengine ndoa zao zina mashairi, yetu ina hiyo.

Wenzake wanamwita Kimbunga, na nyumbani nami nimezoea hivyo hivyo. Msimamizi tunamwita Tumalize, kwa sababu hata salamu yake ni "Habari za asubuhi, tumalize." Kwenye kitundu cha kuingilia anakaa Mama Kengele. Kazi yake ni kujua nani yumo ndani na kuvuta kengele ya kutoka kupumua. Anaongea kuliko redio, na redio angalau ina kitufe cha kuzimia.

Machi 5, Alhamisi
Kavu. Kimbunga amekohoa mpaka jirani akagonga ukuta.

Machi 6, Ijumaa
Kavu. Kazi.

Machi 9, Jumatatu
Mvua ya manyunyu asubuhi, kisha ikakatika.

Rola yangu ilivunjika mkono, nikapaka kwa brashi hadi jioni. Nilifunika kipande kidogo tu, kama ukubwa wa kitanda. Tumalize alilalamika mpaka mate yakamruka.

Machi 10, Jumanne
Mawingu.

Kwa sababu ya jana, Tumalize amemwambia Kimbunga afungue kipande kidogo tu, "mkeo asije akatuachia chuma uchi." Kimbunga amemaliza mapema, amekaa nje kwenye hewa saa nyingi. Jioni alipanda ngazi za nyumbani bila kusimama katikati. Nimeliona hilo.

Machi 11, Jumatano
Mawingu. Rola mpya imeletwa. Nimepaka polepole.

Machi 12, Alhamisi
Nimepaka polepole. Kila mshono wa kuchomelea naupitia kwa brashi, nikimaliza naurudia. Kila kichwa cha bolti nakizungusha kama nampaka mtoto mafuta. Hakuna anayeweza kusema nakosea. Kitaalamu ndivyo inavyotakiwa, ila hakuna anayefanya hivyo.

Machi 13, Ijumaa
Baridi, mvua inanukia.

Mama mkwe alikuja kula nasi. Mwanawe alikataa kuvaa sweta, akikohoa. Mama mkwe akacheka, "Huyu tangu mdogo! Sikio la kufa halisikii dawa." Yeye hajui. Kimbunga akacheka naye, na mimi nikaondoa sahani. Nilitegemea neno hilo lingenichoma, lakini nilikwenda kuosha vyombo kama siku nyingine.

Machi 17, Jumanne
Mawingu.

Tumalize kaingiza kichwa kitunduni. "Dada, siku hizi unapaka au unabembeleza?"

Mama Kengele kamjibu kabla yangu. "Mwache atulie, haraka haraka haina baraka."

"Baraka itakuja na mkaguzi, na mkaguzi yuko njiani. Tumalize!"

Kimbunga alikuwa akikung'uta mavazi yake. Alisema, "Mkono wa mke wangu hauna mfano. Mwacheni." Njiani kurudi nyumbani akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Akaniuliza kama nimechoka naye. Nikasema, "Hebu tembea, mvua inakuja." Ni jibu baya, najua, lakini ndilo lililotoka.

Machi 18, Jumatano
Mvua. Hakuna kazi. Nimefua.

Machi 19, Alhamisi
Mvua. Nimefua nguo zilezile tena, hazikukauka.

Machi 23, Jumatatu
Imekatika. Unyevu uko juu. Polepole. Mama Kengele kavuta kengele mara nyingi leo, tukatoka, tukaingia, tukatoka. Saa yake nayo nadhani inataka betri.

Machi 26, Alhamisi
Asubuhi kavu, upepo. Mchana mvua ya radi.

Inabidi niandike yote.

Mkaguzi atakuja wiki ijayo na tumechelewa, kwa hiyo Tumalize alimwambia Kimbunga afungue ukuta mzima wa upande wa ngazi. Kimbunga akanitazama. "Ataufunika," akasema. "Alishawahi kufunika mkubwa kuliko huu." Kweli nilishawahi. Kwa mkono wangu halisi ukuta ule ni kazi ya kumaliza na chai nikanywa.

Aliupiga tangu asubuhi. Mimi nilikaa nje nikiusikia mchanga ukichapa chuma na, unapotulia, nikimsikia yeye. Alitoka mweupe kama mtu wa unga. Akasema, "Haya mama, zamu yako. Usiniangushe." Akakaa juu ya mfuko wa mchanga, akashika magoti.

Nikaingia. Nikawaza: nikiufunika wote leo, kesho atapewa mwingine kama huu, na keshokutwa mwingine. Nikaanza na mishono. Mshono wa kwanza nikaupitia nikaurudia. Wa pili hivyohivyo. Niliona wazi kwamba sitamaliza. Nikajiambia mbingu ni kavu, tutaweka taa za joto na turubai, mpaka asubuhi chuma kitavumilia. Nilijidanganya kwa ufundi wote nilio nao.

Nilikuwa sijafika hata nusu radi ilipopiga. Mama Kengele akavuta kengele akipiga kelele, "Toka! Tokeni wote!" maana kwenye chuma wakati wa radi hakai mtu. Mvua ikaanguka mpaka magharibi na umeme ukakatika. Taa za joto bila umeme ni mapambo. Zaidi ya nusu ya ukuta imelala uchi.

Machi 27, Ijumaa
Mvua imepumzika. Unyevu sikupima, hakuna haja.

Kimewiva. Chote, kutoka kwenye mpaka wa rangi yangu mpaka pembeni, rangi ya chai ya rangi. Tumalize akapitisha kidole, kidole kikatoka na unga wa kutu. Nilisubiri anitukane. Akauliza tu, kwa sauti ya chini, "Imekuwaje?"

Kimbunga akasema, "Kosa langu. Nilifungua kingi kuliko kiasi."

Mume wangu katika maisha yake hajawahi kufungua kingi kuliko kiasi. Kila aliyekuwepo analijua hilo. Tumalize akashusha pumzi, akasema, "Basi kipigwe upya."

Kikapigwa upya.

Machi 28, Jumamosi
Manyunyu. Kimbunga bado anaupiga ukuta uleule, nami namfunikia nyuma yake kipande kwa kipande. Vumbi la jana na la leo kwa chuma kilekile.

Machi 29, Jumapili
Mvua.

Nimekuta leso yake ndani ya kiatu, ameificha. Ina damu. Siyo nyingi. Nimeiloweka kwenye maji ya baridi, maana damu haitaki maji ya moto, kisha nikaanika leso, nikapika.

Machi 30, Jumatatu
Nilitaka kumpunguzia vumbi. Nimemwongezea.

Machi 31, Jumanne
Nimefunika. Haraka, chote alichokipiga leo, ukuta wa ngazi umeisha. Imebaki kuta za upande wa bomba na sakafu.

Aprili 1, Jumatano
Mvua. Binti yetu kapiga simu kutoka chuoni anakosoma. "Baba hajambo?" Baba mwenyewe akachukua simu, akasema hajambo, ni mafua. Akaniangalia wakati anasema.

Aprili 3, Ijumaa
Mkaguzi kaja, kapima unene wa rangi kwenye kuta zilizokwisha, kasifu mishono. Akasema hajaona mishono iliyopakwa hivi siku nyingi. Hata sikujua niangalie wapi. Wakati wa kuondoka Mama Kengele alinishika mkono. "Shoga, mficha maradhi kilio humfichua." Nikamwambia sina maradhi. "Sikusema wewe," akasema, akaenda zake.

Aprili 6, Jumatatu
Mvua. Hajalala kitandani, amelala amekaa kwenye kiti.

Aprili 7, Jumanne
Mawingu mazito. Unyevu uko juu lakini unaruhusu, kwa shida.

Mlangoni pa tangi nilimwambia, "Leo sipaki."

Akadhani utani. Akavaa kofia lake kubwa lenye kioo, akaingia, akafungua upepo. Alipiga kipande chenye upana wa mlango, kutoka mabegani hadi chini. Aliponyamaza niliingia, mikono mitupu. Nikageuza ndoo nikaikalia.

Akavua kofia. "Rangi iko wapi?"

"Kwenye makopo."

"Si uchanganye?"

"Sichanganyi."

"Mama, hewa yenyewe unaiona. Kitageuka hiki."

"Na kigeuke."

Akatazama kitunduni kama kuna mtu wa kumsaidia. Mama Kengele alikuwa kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Tukakaa tunakitazama chuma. Mwanzo kilikuwa cheupe kama kijiko kipya. Baadaye kikafifia. Halafu pale chini, karibu na sakafu, umanjano ukaanza, ukawa unapanda.

"Kinageuka," akasema.

"Nakiona."

"Kinageuka, we mwanamke!"

Nikamwambia. "Ukuta ule wa ngazi ni mimi. Nilikuwa napaka polepole makusudi, msimu mzima, ili Tumalize akupe kidogo cha kufungua. Siku ile nikazidisha."

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Nami nikasimama mbele ya watu nikasema kosa langu. Nikadhani mkono wako umeisha. Nikawa nakuonea huruma!"

"Nilisikia."

Akaokota mpira. "Nakipiga tena."

"Kipige. Mimi nimekaa. Utakipiga leo, kesho utakikuta hivyohivyo, na keshokutwa. Niliapa sitamwambia mtu na sijamwambia. Kupaka sikuapa."

Akauweka mpira begani na mkono kwenye koki. Kikohozi kikamkamata palepale, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa ukuta. Kilipomwachia, hakuwasha. Alisema bila kugeuka, "Nikae nyumbani nifanye nini? Nikae nasubiri?"

"Ukae na mimi."

"Na wewe!" Sasa akageuka. "Tangu daktari aseme hujatoa hata chozi moja. Ulikwenda kununua sabuni. Nikae na wewe nikitazama nini?"

Nilitafuta ndani yangu nikakuta pakavu. Kwa hiyo nilibaki juu ya ndoo. Hicho ndicho nilichokuwa nacho, makalio yangu na ndoo, na sikunyanyuka.

Umanjano ulifika kiunoni, ukafika juu. Yeye hawezi kuona kutu akaacha, ndivyo alivyo, hata geti la watu njiani husimama akalikwangua kwa kucha. Alikitazama chuma chake kikiharibika mpaka chote kikawa chai. Halafu mpira ukateleza begani, akakaa chini kwenye mchanga.

Tumalize akaingiza kichwa. "Mbona kimya humu? Tuma—" Akakiona chuma. Akaliona kofia limelala, na ndani ya kioo matone mekundu. Akaingia mzima, akachuchumaa mbele ya Kimbunga.

"Nilijua unakohoa," akasema. "Nikasema ni mafua."

Mama Kengele akajibu kutoka nje, "Sote tulisema mafua. Kengele nilikuwa naivuta kabla ya wakati wake. Ningefanya nini kingine mimi?"

Msimu mzima nilimwona Tumalize kama mtu asiye na moyo, na yule mama kama mdomo mtupu. Leo Tumalize alimvua mume wangu viatu vilivyojaa mchanga, kimoja kimoja, akavikung'uta, akamvalisha tena. Kisha akasema, "Nenda nyumbani, kaka." Hakusema tumalize.

Kimbunga alitembea mbele yangu njia nzima. Hakugeuka.

Aprili 8, Jumatano
Mvua. Hasemi nami.

Aprili 9, Alhamisi
Mvua. Kala. Hasemi.

Aprili 10, Ijumaa
Nimemweleza mama mkwe, kwa sababu alikuwa ameshaona mwenyewe. Alikaa akikumbuka alichosema mezani siku ile. "Mdomo wangu huu," akasema. Aliondoka bila kuaga.

Aprili 13, Jumatatu
Mawingu. Nimerudi kazini. Kuna mpigaji mpya, mtu mzima, kaja na kofia lenye mpira wa hewa usiovuja, maana amekataa kuingia bila hilo. Tumalize kalikubali bila neno. Nimefunika ukuta mzima wa bomba kabla ya chakula. Tumalize alisimama akaniangalia mkono unavyokwenda.

Aprili 14, Jumanne
Hasemi. Nikiingia chumbani anafumba macho.

Aprili 16, Alhamisi
Sakafu imeisha. Kazi imeisha. Tangi litajazwa rangi ikishakomaa. Nilimwambia kupitia mlangoni. Nikasikia kiti kikilia, basi.

Aprili 19, Jumapili
Jua. Sina haja tena ya kuandika hewa, ni mazoea.

Daktari alitaka tumwone tena kesho, na Kimbunga alitaka kwanza ajaribu kutembea mpaka barabarani, aone kama ataweza. Hakuniambia. Nilimwona tu amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu. Akainama afunge kamba. Pumzi ikamkatikia njiani. Akainuka, akapumzika, akainama tena, vidole vikagusa kamba, akainuka tena. Huyu ndiye aliyekuwa akiubeba mpira ule peke yake wakati wengine wanaubeba wawili.

Nilipiga magoti nikaishika kamba. Aliniachia. Nikafunga kiatu cha kwanza. Nikachukua kamba za cha pili na mikono ikakataa. Kifua chake kilikuwa karibu na sikio langu, nikakisikia kinavyofanya kazi, kinavuta, kinakosa, kinavuta. Anakufa, nikawaza. Mume wangu anakufa. Nililijua tangu siku ya picha, lakini nililijua kama ninavyojua unyevu wa siku. Machozi yakaja bila hodi. Nililia kwa sauti, kwa kamasi, nimelishika goti lake kwa mikono miwili, nikimwambia naogopa, naogopa mno, usiniache. Maneno yalikuwa yanatoka tu, siyachagui.

Hakuniambia ninyamaze. Aliniwekea mkono kichwani, mkono wenye kukwaruza kama msasa. Akaniacha nilie mpaka nilipopata pumzi. Ndipo akasema neno lake la kwanza tangu tutoke kwenye tangi.

"Nilidhani ninakufa peke yangu."

Nikamwambia hapana. Nikamfunga kiatu cha pili, akaniegemea, tukaenda polepole mpaka barabarani.